Seli Zangu Zilipomgeukia Dada

Nilimpa dada uboho wa mifupa yangu bila kusita. Saratani ilikuwa imeharibu wake, wangu ukapandikizwa, ukashika, tukashangilia. Kumbe tulishangilia mapema. Seli zangu za kinga, zikiwa humo mwilini mwake, zilimwona yeye ndiye mgeni, zikaanza kumshambulia. Ngozi ilimbambuka viganjani. Chakula hakikukaa tumboni. Dawa za kuzipoza zilishindwa.

"Mdogo wangu, damu yako nayo ina ubishi," alinitania, midomo imepasuka. Nilicheka kwa sababu nilitaka kulia.

Daktari wake, mama mfupi asiyejua kupaza sauti, akaja na mfuko mdogo wa seli shina, zile changa zinazozaa seli nyingine, za mtu tusiyemjua. Nikawaka.

"Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime! Huyu mpita njia anaingiaje hapa?"

"Hizi hazipigani, kaka. Zinapatanisha."

"Basi subiri mwili utulie kwanza!"

"Ukitulia, zitakaa tu," alisema, akinivutia kiti. "Seli zako zenye hasira ndizo zinazotoa kemikali ya kuziamsha. Zikishaamka, nazo zinatoa ya kuzituliza zako. Bila ule ugomvi hazijui kuwa zina kazi."

Nilikikalia kile kiti. Nilikuwa nataka kuwafungia mlango wapatanishi mpaka vita viishe! Nilimheshimu mama yule palepale, nikaziheshimu na seli zile nisizoziona, zinazosubiri kuchokozwa ndipo zitende wema.

Mfuko ukaingia tone kwa tone. Kwa siku kadhaa hakuna kilichobadilika, nami nikawa sili. Kisha tumbo lake likatulia. Dada akaomba uji, akaumaliza, akalalamika kuwa hauna sukari. Ngozi mpya ikaanza kuota viganjani, laini ajabu.

Siku moja nikamkuta anatetemeka kwa homa. Seli zangu, nikajiambia, zimemrudia. Nikakimbia kumwita daktari. Daktari akachukua vipimo, akaenda, akarudi akitabasamu.

"Ni mafua. Seli zako zinapambana na mafua."

"Na yeye je?"

"Yeye? Hazimgusi. Zinamlinda."

Dada akapenga kamasi. "Sasa unalia nini, na mgonjwa ni mimi?"

Nilimshika kiganja, nikalia mbele ya wote bila haya.