Ameelezwa kwa Kinyaturu, Amekubali

Wanafunzi wa uuguzi wanaokuja kwetu kwa mazoezi wananijua kwa jambo moja. Siku ya kwanza tu nawasimamisha kwenye korido ya wodi ya wazazi na kuwauliza: mwili wa mgonjwa ni wa nani? Wanajibu kwa pamoja kwamba ni wake mwenyewe. Si wa mume, si wa mama mkwe, si wa daktari. Mtu mzima mwenye akili timamu lazima aelezwe kwa lugha anayoielewa kabla ya kutia saini. Anayekosea hapo namsema mbele ya wenzake mpaka anatokwa jasho. Mimi Damari, miaka ishirini na miwili kazini, sina mchezo na fomu ya ridhaa.

Basi sikilizeni nilichokifanya.

Mwezi wa sita, saa nane mchana, walimleta Kristina kutoka upande wa Mtinko. Alikuwa na miaka ishirini na minne na mimba ya pili. Ya kwanza alijifungua mtoto wa kike kwa upasuaji. Safari hii wakwe walitaka azae nyumbani. Uchungu ulimshika usiku kucha na asubuhi nzima, mpaka kovu la zamani likafumuka kwa ndani. Mtoto alikuwa ameshakufa. Yeye alikuwa anavuja damu, lakini akili zake zilikuwepo, na macho yake yalinifuata kila nilikogeuka.

Daktari Mansuri, kijana wa mjini asiyejua Kinyaturu hata cha kuombea maji, alinivuta pembeni, akaniambia, "Sista, kizazi kimechanika vibaya. Tusipokitoa, tunampoteza. Mweleze, atie dole gumba twende."

Kristina Kiswahili anakijua, lakini maumivu yalikuwa yamemrudisha kwenye lugha ya mama yake. Na mama mkwe alikuwa amesimama pale pale kitandani. Nilipaswa kumtoa nje, sikumtoa. Mwaka juzi mwanamke mwingine aliambiwa mbele ya wakwe zake kwamba kizazi kitatolewa, akakataa, wakambeba kumrudisha nyumbani, akafia njiani. Niliogopa, siwafichi. Nikamwinamia Kristina na kumwambia kwa Kinyaturu, "Watakufungua, watashona palipochanika, watasafisha tumbo. Utapona."

Akaniuliza, "Nitazaa tena?"

"Mungu akipenda," nikasema. Nikakishika kidole chake kwa mkono wangu, nikakikandamiza kwenye wino, kisha kwenye fomu.

Kwenye faili niliandika: Ameelezwa kwa Kinyaturu, ameelewa, amekubali. Nikatia saini yangu.

Alipona. Nilijiahidi kumweleza akipata nguvu. Siku ya tatu nilimkuta anamlilia mtoto wake, nikaona si wakati. Siku ya sita nilikuwa mapumziko, wakamruhusu. Kadi yake ilieleza kila kitu, kwa Kiingereza cha madaktari, kile cha vifupisho. Nikajifariji kwamba daktari alimwambia. Daktari naye alikuwa amesoma faili, akajua ameshaambiwa.

Jumanne iliyopita, karibu miezi mitano baadaye, walikuja wawili. Kristina amenawiri, kavaa kitenge kipya. Mama mkwe nyuma yake, kambeba jogoo kwapani.

"Shikamoo mama," Kristina alisema huku anacheka. "Nimekuja kuanza kliniki."

"Marahaba. Kliniki gani, mwanangu?"

"Ya wajawazito. Sijaona siku zangu tangu mliponipasua."

Mama mkwe akadakia, "Safari hii hazai nyumbani, sista, nimekoma. Hata ndoo ya maji nabeba mimi."

Niliwaambia wasubiri kwenye benchi, nikaenda kwa Matroni Winfrida, nikamweleza yote bila kuficha. Alisoma faili, akalifunga.

"Damari, hapa pameandikwa alielezwa, na saini ni yako. Mwambie alielezwa, ni maumivu yamemsahaulisha. Ukisema vingine, leseni yako inakwenda, na mimi nitaulizwa nilikuwa wapi."

Hakusema kwa ubaya. Alinimiminia na chai. Sikuinywa.

Nilimwita Kristina peke yake, nikafunga mlango, nikamweleza kwa Kinyaturu, neno kwa neno, kama nilivyopaswa siku ile. Kwamba kizazi hakipo. Kwamba hakuna mimba, wala haitakuwepo. Kwamba sikumwambia, na kosa ni langu.

Hakupiga kelele. Alikaa anakunjakunja ncha ya kitenge.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Nina Janeth nyumbani, hajafika hata miaka mitano. Ungeniambia, ningekubali."

Nimelizungusha neno hilo kichwani tangu Jumanne, na sipati pa kuliweka. Wakati wote nilijitetea kwamba nilimwokoa. Kumbe angejiokoa mwenyewe, kama ningemwachia.

Nilimwambia ana haki ya kunishtaki, na kwamba barua nitamwandikia mimi, kwa mkono wangu.

"Nikushtaki, waje kuulizana nyumbani kwetu? Mume wangu ataoa mwingine kabla barua haijajibiwa." Alijifuta uso kwa kiganja. "Mwambie mama ni damu tu haijarudi sawasawa."

"Siwezi kumdanganya mama yako."

"Basi nyamaza. Si unajua kunyamaza?"

Nilinyamaza. Siri ni ya mgonjwa. Hilo nalo nawafundisha wanafunzi kila mwaka.

Tulitoka. Mama mkwe alisimama haraka, jogoo akapiga mabawa. Kristina alimwambia mwenyewe kwamba haikuwa mimba, ni damu tu haijakaa vizuri. Yule mama alishusha mabega. Kisha akanigeukia mimi, mwenye sare, mwenye kuaminika.

"Lakini sista, atazaa tena?"

Nilifungua mdomo.

"Mungu akipenda," Kristina akajibu, ananitazama mimi.

"Amina," akasema mama mkwe, akanipa jogoo wake.