Jicho Dogo la Kimbunga

Jumanne, tarehe 10 Machi 2026, saa nne asubuhi, Anyosisye alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jiko lake, Katumba Songwe, simu kwenye goti moja, karatasi ya vielelezo vya mawingu ya vimbunga kwenye goti la pili. Macho yalimuuma. Tangu alfajiri alikuwa amepokea picha tatu za setilaiti, kama wapima mvua wote wa kujitolea waliofundishwa kuzisoma.

Mwaka jana aliona wingu limetapakaa, akatangaza hatari. Watu wakahama. Kakao ya baba mkwe wake, iliyokuwa imevundikwa kwa majani ya migomba ili ichachuke, ikafunuliwa kabla ya siku zake na kuota ukungu. Mvua haikulowesha hata vumbi.

Wingu la leo lilikuwa dogo. Lakini mkanda wake ulikuwa umejizungusha duara zima. Alfajiri jicho lake lilikuwa na ukungu, kama lenye mtoto wa jicho. Sasa lilikuwa jeusi, la mviringo, kavu. Alilinganisha na vielelezo mara tatu, akaandika kipimo cha nguvu yake: sita katika nane. Kimbunga kilikuwa bado baharini, mbali, ila chenye nguvu hivyo hakifi upesi kikifika nchi kavu. Mvua yake ingeweza kuangukia milima unakotoka mto Songwe.

Akajifunga kanga, akaenda kwa wakwe zake, ukingoni mwa mto.

Kwa mila yao, mkwe wa kike hamtazami baba mkwe wake, wala hasemi naye. Kwa hiyo alisimama nyuma ya migomba.

"Ugonile, mama," alisalimia.

"Ndaga, mwanangu," alijibu Angetile, mama mkwe wake, mlangoni. "Umekuja kutuhamisha tena?"

Sauti ya mzee Andrea, baba mkwe, ikatoka ndani. "Mwambie kakao ina siku ya tatu tu."

"Baba anasema..."

"Nimesikia, mama. Mwambie mwaka jana nilikosea, nilitazama ukubwa. La leo ni dogo, ila lina jicho."

"Jicho!" mzee akadakia kutoka ndani. "Mwambie hata dagaa mkavu ana jicho."

Angetile akacheka. Anyosisye hakuwa na nguvu za kucheka. Aliweka simu na karatasi juu ya ungo, akausukuma mpaka mlangoni, akageuka akawapa mgongo.

"Atazame mwenyewe, mama. Ya alfajiri, ya saa mbili, ya sasa. Nikikosea tena, asinisikilize maisha yangu yote."

Kuku akaparura, akaacha. Mbingu juu ya mto ilikuwa ya buluu, haina hata doa, nayo ilimsuta.

Kisha majani makavu yakachakarika, na harufu chachu ya kakao ikamfikia. Alichuchumaa, akajifunika uso. Miguu miwili ya kizee, yenye tope, ikapita mbele yake na mzigo wa kakao, ikasimama.

"Jirani yetu Lazaro kule bondeni ameambiwa?" mzee aliuuliza mgomba.

"Bado, mama," Anyosisye akajibu, ingawa Angetile alikuwa ndani akikunja mikeka. "Simu yake imezimika."

Miguu ikaendelea kupanda kuelekea mlimani. Kwenye ungo, picha ya nne ikaingia, hakuna aliyeifungua.

Nawe uliyesoma hadi hapa, usikae na habari hii peke yako. Mwambie wa nyumba ya pili, naye amwambie wa tatu, mpaka ifike bondeni kwa Lazaro.