Tairi Bila Tyubu

Masunga alibonyeza tairi la pikipiki, likabonyea. Limelegea tena! Miiba ya Usangu ilikuwa imezimaliza tyubu zake zote, na madukani Rujewa hazikuwapo hata za dawa. Ndipo akaamua kufunga tairi bila tyubu: akaziba kila tundu la spoki kwa solusheni na vipande vya tyubu kuukuu, akakaza valvu kwenye ringi, akajaza upepo. Jana lilisimama vizuri. Leo mkewe Ng'washi ameshikwa na uchungu wa kujifungua, hospitali iko mbali, na tairi ndilo hilo.

"Linavujia wapi jamani?"

Aliinama apake mate kwenye valvu, kama afanyavyo fundi yeyote wa baiskeli, aone kama yatatoa povu. Mate hayakuja. Woga ulikuwa umemkausha kinywa.

"Hebu sogea huko!" Ng'washi alijikokota, akashika kiti cha pikipiki, akatema. Povu likafura palepale, chini ya nati ya valvu. Masunga akaikaza kwa spana, akapiga pampu kama mwehu. Tairi likasimama.

"Na likilegea njiani?"

"Mate ninayo," Ng'washi alisema, akipanda nyuma. "Washa."