Bunduki Inaishia Sirari

Omolo wa Migori, Kenya, alipopiga simu kwamba fisi anammalizia mbuzi, baba mkwe wake Machage hakuuliza mara mbili. Kule Kisaka, upande wa Tanzania, alisifika kwa shabaha, na bunduki yake ilikuwa na leseni halali. Aliiviringisha kwenye turubai, akaiweka nyuma ya kiti cha pikapu, akaondoka na mkewe Waisiko, ambaye haja yake ilikuwa kumwona binti yao Regina na wajukuu.

Njiani Waisiko aliuliza kama leseni hiyo inafanya kazi Kenya. Machage akacheka. Leseni ni leseni, alisema, na Wakurya wa huku na wa kule ni ndugu.

Walipofika Sirari, kabla ya foleni ya mpakani, Waisiko alishuka garini.

"Baba Regina, mimi sivuki na hilo dude. Kaulize polisi kwanza."

Askari wa zamu kituoni, binti mdogo, alimpa Machage shikamoo na kumsikiliza hadi mwisho. Kisha akamweleza kwamba kuitoa bunduki nchini kunahitaji kibali, na kuiingiza Kenya kunahitaji kibali cha Kenya. Akivuka bila vibali hivyo viwili atakamatwa, atashtakiwa, anaweza kufungwa miaka, na bunduki haitarudi.

"Hata risasi moja, mzee. Na kusema umesahau hakutakusaidia."

Machage alitia mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kopo la ugoro, leso, na risasi mbili. Waisiko akamwonyesha mfuko wa pili kwa kidole. Mzee akaanza kugeuza mifuko yote nje, hata ya suruali.

Bunduki na risasi zikabaki kituoni, wao wakavuka.

Omolo alipowaona mikono mitupu alichungulia nyuma ya kiti cha pikapu, asione kitu. Machage akaomba apelekwe zizini. Alichuchumaa penye nyayo, akatikisa kichwa: zilikuwa ndogo mno kwa fisi. Kwenye waya palinasa manyoya mekundu, na mbwa mwekundu alikuwa mmoja tu pale jirani, wa mama Adhiambo. Mama huyo alikubali kwa aibu kwamba siku hizi mbwa wake anakataa ugali. Mbwa akafungwa kamba, na wakwe wawili wakashinda wakiziba zizi kwa miiba.

Wakati wa kula, Omolo alitaka kujua ingekuwaje kama ni fisi kweli.

"Ningekuambia uite askari wa wanyamapori wa kwenu," Machage alisema, akimega ugali. "Mimi huku ni mgeni."