Mkono Chini ya Maji

Mkunga hakuwa mtu wa ndege. Lakini asubuhi ile simu ilitoka kisiwani, katikati ya ziwa: kuna mama ana uchungu tangu jana, mtoto katanguliza makalio, na zahanati haina mkunga wa kumsaidia. Kwa boti angefika jioni. Basi akajikaza kisabuni, akapanda ile ndege ndogo ya majini, yenye maboya mawili marefu badala ya magurudumu, akaupakata mkoba wake wa kazi.

Rubani alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye nyumbani walimwita Kipanga.

"Shemeji, ukiogopa fumba macho."

"Nikifumba, wewe nani atakuangalia?"

Walicheka. Hapakuwa na mtu mwingine ndani.

Walipokaribia kisiwa, vicheko vikaisha. Upepo ulikuwa ukivuma kwa vishindo. Unatulia kama umelala, halafu unakurupuka kutoka upande usioutarajia. Maji yalijaa mapovu meupe. Kipanga alizunguka, akasubiri upepo upungue, akashuka. Maboya yaligusa maji, yakateleza vizuri, na mkunga akaanza kushusha pumzi. Hapo upepo ukaja wa ubavuni, ukanyanyua bawa moja juu. Lile jingine likachota maji. Ndege ikapinduka kifudifudi kama sahani.

Alijikuta kichwa chini miguu juu, ananing'inia kwenye mkanda, maji ya baridi yamemfika puani, kisha yamemfunika. Giza tupu. Alipapasa kifungo cha mkanda asikione. Alipapasa mlango, akakuta kiti. Juu na chini vilikuwa vimempotea.

Ndipo mkono ukamshika kifundo cha mkono.

Haukuwa na pupa. Ulikuwa wa moto, katika maji yale ya barafu. Ulimvuta taratibu, namna yeye mwenyewe anavyowashika akina mama wanaohangaika kwa uchungu. Mwili wake ukateleza, bega likapita mahali pembamba, na mara akawa nje, anakohoa, kakumbatia boya lililogeukia mbinguni.

Kipanga alikuwa ng'ambo ya pili, anaita jina la shemeji yake kwa sauti iliyopasuka.

"Nipo!" alijibu. "Asante, baba wee. Ungechelewa kidogo tu, ningekuwa marehemu."

Kipanga alimtazama, maji yakimchuruzika usoni. "Asante ya nini? Mimi nimetokea dirisha langu. Nilikuwa najaza pumzi nizame kukutafuta."

Mkunga akageuka kuyatazama maji. Boti ya gatini ilikuwa inakuja mbio.

Hakupata nafasi ya kuwaza. Zahanati walimpa kanga kavu, akanawa, akaingia kwa yule mama. Kazi ilikuwa ngumu kwelikweli, lakini mchana mtoto alitoka, wa kike, mwenye hasira zake, akapiga kelele mpaka mhudumu wa zahanati akacheka na kulia kwa pamoja. Mkunga akakaa kwenye benchi nje.

Hapo akaja fundi wa gatini, aliyesaidia kuivuta ndege ufukweni. Kipanga alikuwa naye.

"Mama," fundi alisema, "samahani kukuuliza. Wewe ulitokea wapi?"

"Mlango wa upande wangu."

"Ule umebanwa na bawa. Tumejaribu kwa mtaimbo umekataa, ikabidi tuukate." Akakuna shingo. "Na mkanda wa kiti chako tumeukuta umefungwa. Umekazwa vilevile, mtu hatoki pale."

Mkunga aliitazama mikono yake mapajani. Hapakuwa na alama yoyote, wala jeraha, wala hata ukucha uliovunjika.

"Labda nilijichomoa," alisema.

"Labda," fundi alijibu, asimtazame usoni. Akaaga, akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

Walirudi kwa boti. Ziwa lilikuwa limetulia tuli, na walipopita pale ndege ilipopindukia, mwenye boti alipunguza mwendo bila kuombwa. Hakuna aliyechungulia majini.

"Tumwambie kaka?" Kipanga aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mwambie ndege imepinduka na tumepona."

"Na yale mengine?"

Mkunga alijifunika kanga mpaka kidevuni. "Yale mengine, shemeji, ukipata namna ya kuyasema, uanze kuniambia mimi."