Kombe la Kijapani

Hasira za Mwanawetu siku ile zingechemshia chai nusu ya mtaa wa Kamwokya. Askari aliingia chumbani mwake kusaka sukari ya magendo, hakuikuta, akaona aibu kutoka mikono mitupu, akabeba kitabu chake cha Kijapani. "Hii maandishi ya jasusi," alisema. Jasusi! Mwanamke wa miaka arobaini na ushei, mshona kola katika kiwanda cha mashati huko Bugolobi, mwenye magoti yanayomuuma kila mvua ikinyesha!

Kitabu alipewa na Bi Fumiko, mke wa fundi mitambo wa kiwandani, aliyemfundisha kila Jumamosi mpaka nchi ilipowashinda, yeye na mumewe, wakafunga virago. Umar, kaka yake Mwanawetu, alikuwa akimcheka. "Kijapani cha nini, dada? Utaombea dua?" Hakuelewa. Maisha yake yote Mwanawetu alisoma alichoamriwa na kuolewa alikoamriwa. Kijapani alikichagua mwenyewe, na sasa kilikuwa kinamponyoka, leo neno hili, kesho lile.

Aendelee vipi? Amngoje Bi Fumiko? Nani mwenye akili timamu angerudi Kampala hii? Asikilize redio? Jirani mmoja alichukuliwa kwa kusikiliza stesheni za nje. Aache, basi? Hapo ndipo alipopandwa na mori. Wamechukua maduka, wamechukua waume za watu, sasa wanataka na kilichomo kichwani mwake!

Ubao wa marehemu baba yake, mwalimu wa chuo cha Kurani, ulikuwa bado umeegemea ukutani. Chuoni mwanafunzi aliandika aya kwa wino wa masizi, akaisoma kwa sauti mbele ya mwenzake mpaka ikakaa, akaosha ubao, akaandika nyingine. Hakikubaki kitu cha kunyang'anywa. Kijapani nacho kingesomeka hivyo, ila Mwanawetu alihitaji mwenzake.

Akamwendea Laker, jirani wa mlango wa pili. Mumewe, Komakech, alikuwa polisi. Alitiwa kwenye buti ya gari akiwa na sare zake mwilini, na hakuna ofisi iliyokubali kwamba ilipata kumjua.

"Mimi nakaa tu, nangoja," Laker alisema. "Nifundishe, dada."

Wakawa wanasoma mlangoni, mchana kweupe. Jumapili moja Laker aliosha ubao, maji meusi yakachuruzika bakulini.

"Hii maji tunakunywa, kama nyinyi Waislamu nafanya?"

"Mwaga tu. Kombe linalonywewa ni la maneno ya Mungu."

Kabla hajamwaga, kivuli kiliziba mlango. Ni yule yule askari. Alikuwa amesilimu juzijuzi, kama wengi waliokuwa wakikitafuta cheo.

"Salaam, mama. Kumbe iko na kombe! Kazi yetu iko na hatari mingi, nataka kinga." Akalinyakua bakuli, akalimaliza, akajifuta midomo. "Alhamdulillahi. Aya gani hii?"

Laker alimfinya Mwanawetu mkono. Mwanawetu angesema Yasini tu, askari angekwenda zake ameridhika. Lakini alisingizie neno la Mungu kwa ajili ya huyu? Huyu?

"Si aya. Ni Kijapani. Kile kile cha kitabu ulichonichukulia, na sasa umekinywa."

Mkono wa askari ulikwenda kwenye bastola, kisha ukashuka tumboni. Uani, wanawake waliokuwa wakifua walikuwa wameacha kufua. Angemweleza nini mkubwa wake? Kwamba ushahidi wa ujasusi ameunywa mwenyewe, bakuli zima, na kumshukuru Mungu juu yake? Alitoka, na nyuma ya ukuta wakamsikia akijitapisha.

Mwanawetu alikuwa na hofu. Ila hasira ilikuwa nyingi zaidi. Alitaka kitabu chake.

Laker alichovya kalamu ya mwanzi kwenye wino, akampa.

"Neno ya kurudi, kwa Kijapani nasema namna gani? Niandikie hiyo."

Mwanawetu aliandika. Wakalisoma kwa sauti, mara ya kwanza, mara ya pili, mlango ukiwa wazi.