Msumeno wa Kumwonyesha Kamba

Msumeno wangu wa zamani wa kukunja ulinifia mkononi. Nilikuwa nakata kijiti cha kuegemezea mlango wa choo, springi ya kufuli yake ikaachia, bapa likajikunja lenyewe likaniuma vidole viwili. Damu haikuwa nyingi. Nilikaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma nikautazama, meno yameisha kama ya mwenyewe, nikajua huu hata fundi ataucheka.

Siku nyingine ningesema basi, nitanunua mwingine nikijaliwa. Lakini Kamba alikuwa ameshapiga simu.

Kamba ni msimamizi wa kikosi cha wapima ardhi. Jina hilo tulimpa zamani, enzi zile ardhi ilipopimwa kwa kuburuta kamba ya chuma porini, naye ndiye aliyekuwa mburutaji. Mimi nilikuwa mtu wa kambi. Nilisimamisha mahema, nilitafuta kuni, na nilikuwa na kazi nyingine ambayo watu wengi hawaijui, kusafisha mstari. Chombo cha kupimia kinasimama hapa kwa miguu yake mitatu, mtu anasimama kule mbali na fimbo, na katikati yao hatakiwi kuwepo hata jani. Unakata tawi linaloziba jicho la chombo, hilo hilo tu, kwa sababu mti una mwenyewe na mwenyewe huwa hayuko mbali. Panga halifai. Panga linachana gome, na mwenye shamba akiliona anakuja na lake. Kinachofaa ni msumeno wa kukunja, unautia mfukoni, unapanda nao, unakata, unashuka. Mchana unapogolea miti ya watu, jioni unakatia kuni za kambi.

Kazi hiyo ilinizungusha huku na huko mpaka nikasahau jinsi ya kukaa. Sasa nakaa kwa dada yangu mdogo, mshonaji, katika chumba cha nyuma ambacho nusu yake ni mabunda ya vitambaa na cherehani mbovu. Nikinyoosha miguu nalala nimeyakanyaga mabunda. Silalamiki. Dada anapika vizuri na hanisemi mbele za watu. Ila nikiamka natazama ukuta, ukuta unanitazama, na mchana kutwa hakuna mtu anayenisubiri popote.

Kamba alisema kikosi kinaondoka Jumatatu, kwa msimu mzima, na mtu wa kambi hana. Angenichukua mimi. Shida ilikuwa ofisini, walikuwa wanauliza umri wangu, naye akawaambia atakwenda kunitazama kwa macho yake kisha aseme kama nafaa. Angepita Jumapili alasiri. Nikamwambia vizuri sana, atanikuta juu ya mti, maana mwarobaini wa uani unakwaruza mabati ya dada na nilishamwahidi kuupunguza.

"Basi nitakuona ukikata," akasema Kamba. "Mengine sitauliza."

Asichokijua Kamba, na nilichodhani hakijui mtu yeyote, ni bega langu la kulia. Tangu mvua zilizopita lilikuwa haliinuki kupita kifua bila kunifanya nimwite mama.

Jumamosi nilitaka kwenda dukani peke yangu. Dada akafunika cherehani yake akavaa viatu. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema anakwenda huko huko ninakokwenda, kwa sababu mimi nikitumwa chumvi naweza kurudi mwakani, tena bila chumvi.

Duka lenyewe lilikuwa refu na jembamba, misumari huku, mabomba kule, na harufu ya mafuta ya taa iliyoganda kwenye sakafu. Mwenye duka alikuwa mtu mnene aliyechoka, miwani ameipandisha kwenye paji la uso na anaitafuta juu ya kaunta. Dada akamwonyesha ilipo. Akashukuru, akaniuliza nahitaji nini, nikamweleza: msumeno wa kukunja, wa kupogolea mti mbichi na wa kukatia kuni kavu, wote mmoja.

Akaguna. Alisema kila anayekuja anataka mmoja wa kazi zote, na wote anawaambia hivyo hivyo, kwamba mti mbichi unataka meno makubwa yenye nafasi, yatapike unga uliolowa, na kuni kavu zinataka meno madogo yaliyobanana. Ukilazimisha wa kuni kavu kwenye mti mbichi unajaa utomvu unaganda. Ukilazimisha wa mti mbichi kwenye kuni kavu unarukaruka kama mbuzi. Yote hayo nilikuwa nayajua, lakini nilimwacha aseme, alionekana hana wengi wa kuwaambia.

Akatoa mitatu. Wa kwanza ulikuwa mrefu, bapa limepinda kama mundu, meno ya kutisha.

"Huu, mzee wangu, ukiufungua tu mti unaanguka wenyewe kwa woga."

Wa pili ulikuwa mdogo, meno membamba, mzuri kwa vijiti vya kuwashia moto na basi. Wa tatu ulikuwa wa katikati, bapa limenyooka, meno ya wastani, hauna cha kusifiwa. Niliifungua yote na kuifunga. Nilishika mpini nikabonyeza mgongo wa bapa kwenye ukingo wa kaunta kuona kama kufuli itasalimu amri. Niliitikisa karibu na sikio, maana msumeno wa kukunja ukilia kwenye kiungo chake ukiwa mpya, ukizeeka utakuuma. Hakuna uliolia. Mwenye duka akaniletea kipande cha tawi bichi, akakibana kwenye jiliwa lililofungwa mwisho wa kaunta, akasema nijaribu.

Nikaanza na ule mrefu. Misumeno hii inakata ukivuta kwako, ukisukuma unapumzika. Nikavuta mara ya kwanza, ukaingia kama kisu kwenye papai. Nikavuta tena. Mara ya tatu bega likanipiga kofi hadi machoni. Nikasimama, nikajifanya natazama meno.

Dada alikuwa amekalia ndoo ya rangi, mkoba mapajani.

"Jaribu kwa kushoto," akasema.

"Mimi si mtu wa kushoto."

"Unapiga mswaki kwa kushoto. Unafunga vifungo kwa kushoto. Juzi umenipokea ndoo kwa kushoto ukamwaga nusu. Kaka, mimi kazi yangu ni mabega ya watu, nayapima tangu asubuhi mpaka jioni. Ulifikiri la kwako silioni?"

Mwenye duka akapata ghafla shughuli kwenye boksi la misumari.

Nikaushika ule mrefu kwa kushoto. Kitufe cha kufuli kilikuwa ubavuni, upande ambao vidole vya mkono huo vinakandamiza, na kila nikivuta nilikuwa naogopa kitafyatuka. Nikajaribu ule wa katikati. Wake kitufe kilikuwa mgongoni mwa mpini, hakina habari na mkono gani. Ulikata polepole lakini ulikata, na bega la kulia halikuambiwa lolote. Dada akaitikia kwa kichwa, akaanza kufungua mkoba.

Hapo ndipo nilipochukua ule mrefu.

Sababu niliijua na haikuwa sababu ya maana. Nilimwona Kamba amesimama chini ya mti, mikono nyuma, akitazama. Kamba niliyemfundisha mimi kupasua kuni. Nikaona vile atakavyotazama kile kijimsumeno cha wastani kikienda kidogo kidogo katika mkono usio wake. Mtu wa kambi huwa anatambulika kwa alichoshika kabla hajafanya chochote. Sisi wote tuko hivyo, tunabeba shoka kubwa kwenda kukata ufito.

Dada akauliza, si kwa ukali, "Unanunua msumeno au unanunua macho ya Kamba?"

Nikasema msumeno. Akafunga mkoba, akasema haya, bega ni lako. Nikaulipia ule mrefu mwenyewe.

Jumapili Kamba alikuja mapema kuliko alivyosema, amevaa shati lililopigwa pasi, tumbo limemtangulia. Tulicheka, tukatajiana waliokufa. Dada akamletea kiti, hakukaa. Nikapanda ngazi na msumeno mfukoni, na mfuko wenyewe ulikuwa umenivunjia heshima kwa sababu mpini ulichomoza hadi kiunoni.

Tawi lenyewe lilikuwa nene kama paja la mtoto, limelala juu ya bati. Tawi la hivyo halikatwi kutoka juu moja kwa moja. Ukifanya hivyo linavunjika kabla hujamaliza na kuchuna gome la shina mpaka chini. Unaanza chini ya tawi, mkato mfupi tu, kisha unapanda juu, unasogea mbele kidogo, unamalizia. Hilo nimelifanya mara nyingi kuliko nilivyokula.

Nikaanza kwa mkono wa kulia. Nilikuwa nimeuma meno, nikivuta kwa mwili mzima ili bega lisifanye kazi yake. Na ule msumeno ulikuwa na njaa. Mahali ambapo msumeno wangu wa zamani ungekuwa bado unakwaruza gome, huu ulikuwa umeshazama. Nilitakiwa kusimama. Nilijua natakiwa kusimama, lakini nilikuwa nahesabu maumivu badala ya kina, na nikavuta tena, na tena, mpaka tawi likakaa. Uzito wake ulishuka, mdomo wa mkato ukajifunga, ukaung'ata msumeno katikati.

Nikavuta kwa kulia, bega likakataa kabisa. Nikavuta kwa kushoto, ngazi ikacheza. Nikabaki pale juu nimeshika mpini kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu.

Chini, Kamba alikuwa anatazama viatu vyake. Ningefurahi kama angenicheka.

Ni dada aliyekwenda kwenye kamba ya nguo, akaanua mashuka akayatupa begani, akachukua ule mti mrefu wenye panda unaoinua kamba. Akaja nao, akaiweka panda chini ya ncha ya tawi, akasukuma juu kwa mikono miwili, shingo imemtoka mishipa. Mkato ukafunguka. Nikachomoa msumeno.

"Malizia kabla sijafa," akasema.

Nikamalizia kutoka juu, kwa kushoto, vidole nimevikwepesha kufuli, nikavuta na kupumzika, nikavuta na kupumzika. Ilichukua muda ambao zamani ningesafisha mstari mzima na kuchemsha chai. Tawi likaanguka vizuri, gome halikuchunika. Nikashuka, jasho limeniingia machoni.

Kamba akalizunguka tawi, akaligusa kwa ncha ya kiatu.

"Nilisema nitakuona ukikata," akasema. "Tawi liko chini. Kesho alfajiri gari litapita hapa. Ofisini nitawaambia unafaa."

Alikuwa anasema kweli, angewaambia. Na mimi ningepanda lile gari. Nililiona kabisa, turubai la nyuma, masufuria yakigongana, barabara ikivuta. Kisha nikamwona mtu wa fimbo amesimama mbali juani, kikosi kizima kimekaa chini kinanisubiri, nami niko juu ya mti wa mwenye shamba nimeng'ang'ania mpini. Kamba atanyamaza. Watanyamaza wote, siku baada ya siku, kwa adabu. Nilipofika hapo nikahisi uchovu ambao haukuwa wa bega.

"Usiwaambie hivyo," nikasema.

"Mzee."

"Kule hakuna dada wa kuniinulia tawi. Tafuta mtu mwenye mabega mawili, Kamba. Na umwambie anunue msumeno wa wastani, wenye kitufe mgongoni."

Nilitegemea atabisha. Alibisha, ila kidogo, kama mtu anayekataa kikombe cha pili cha chai. Alisema tungeona namna, alisema kuna kazi za kukaa. Nikamwacha aseme hadi akaishiwa. Mwisho akanishika mkono, ule wa kushoto, akaushika muda mrefu, akaenda. Nilimsikia anawasha pikipiki yake kwa taabu, ikakohoa, ikashika, ikapotelea barabarani.

Dada alikuwa anakung'uta majani kwenye mashuka. Akaniuliza kama nimekataa au nimekataliwa.

"Nimekataa."

Akanitazama kidogo kuona kama nasema kweli. Kisha akasema tawi haliwezi kulala pale, watu watajikwaa, nishike upande mwembamba. Tukaliburuta hadi kwenye kona ya ua, yeye mbele mimi nyuma, tukipumzika njiani ingawa ua wenyewe si mkubwa. Upepo ulipopita, mabati ya upande ule yalikuwa kimya. Upande wa pili bado kulikuwa na tawi jingine linakwaruza. Nikamwambia hilo nitalikata kesho, au kesho kutwa, bega likikubali.

Akasema ananisubiri, ila safari hii nimwambie mapema, aondoe nguo kwanza.